Mwosha Maiti na Kanda za Kutisha

Bi Mwanaesha wa Kibokoni alianza kuosha maiti wa kike kabla hajaota mvi hata moja, na kama kulikuwa na mtu Mji wa Kale aliyestahiki kuulizwa maoni yake juu ya picha za kutisha, basi ni yeye. Wenzake wakitazama picha hizo hushika roho mkononi. Yeye alizitazama kama fundi cherehani anavyotazama mshono wa fundi mwingine, na aghalabu hakuupenda.

Mambo haya yalianza mwaka wa tisini na tano, Khubaib alipomletea mamake televisheni na deki ya vidio kutoka Dubai. Mamake, Bi Mwanakuu, alikuwa jirani ya Mwanaesha, mlango kwa mlango, na kichochoro kilichowatenga kilikuwa chembamba hata mtu akipiga chafya upande huu huombewa rehema upande wa pili. Walikuwa marafiki tangu chuoni, walikosoma juzuu moja kwa mwalimu mmoja na kuchapwa kwa bakora moja. Mume wa Mwanakuu, Mzee Kamaludin, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mwanaesha aliachika mapema na hakujaliwa mtoto. Mumewe alitaka kumrejea, akamkuta ana kazi mbili asizokuwa tayari kuziacha, kushona kofia na kuosha maiti. La kofia bwana angelivumilia.

Khubaib alidhani mamake atatazama picha za Kihindi za kulia na kuimba, kama wanawake wote wa mtaa. Mwanakuu akazitazama mbili, akapiga miayo, akamtuma bintiye Mahira dukani kwa Abdulghafur amletee ile yenye pepo juu ya jalada. Tangu hapo ikawa ada. Kila Jumanne na Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, Mwanaesha huvuka kichochoro na kofia yake na sindano, Mahira hurudi kutoka skuli anakofundisha, na wale wanawake watatu hukaa juu ya mkeka na kahawa ya tangawizi kutazama watu wakifa.

Abdulghafur mwenye duka la kanda, lililokuwa njia ya kwendea Marikiti, alikuwa mwoga kuliko kuku. Kanda za kutisha alizikodisha bila kuzitazama, na wateja wakimuuliza ipi nzuri, hana la kujibu ila kutazama dari. Basi Mahira akirudisha kanda humpa na maoni ya Bi Mwanaesha, na Abdulghafur huyaandika kwenye kikaratasi na kukibandika juu ya boksi. Hakutaja jina. Aliandika tu "Bi mmoja asema", na waliosoma hawakujua bi huyo ni nani wala kazi yake ni ipi.

Picha ya kwanza ilikuwa ya wafu waliotoka makaburini na sanda zao, wakamkimbiza kijana mmoja na mchumba wake mpaka kukapambazuka. Mahira alijifunika leso usoni. Mwanakuu alikumbatia mto. Mwanaesha alitazama mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema, "Hawa wamezikwa na watu wa haraka. Sanda imefungwa kama gunia la makaa. Nami ningelitoka."

"Hukuogopa hata kidogo, halati?" Mahira akamuuliza. Alimwita halati, kama kwamba ni dada ya mamake wa tumbo moja.

"Nimewaonea haya waosha wao."

Abdulghafur akaandika: Bi mmoja asema, sanda mbovu. Kanda ile haikulala dukani mwezi mzima.

Ikaja nyingine, ya nyumba inayotoka damu kuta zote. Mwanaesha akasema damu ya mtu haibaki nyekundu vile baada ya saa moja, huiva ikawa rangi ya haluwa, na Mahira hakula haluwa mpaka Idi ilipopita. Kisha ikaja moja ya kuchekesha, ikiwa kweli ni ya kuchekesha, maana ilihusu familia iliyofiwa na babu siku tatu kabla ya arusi. Hawakutaka kuahirisha. Wakamvika babu suti na miwani ya jua, wakamkalisha kwenye kiti cha heshima, wageni wakawa wanakuja kumpa mkono. Mwanakuu alicheka mpaka akakohoa, akapigwa mgongo, akacheka tena. Mwanaesha hakucheka.

"Siku tatu," alisema, "na joto lile, na hata inzi hakuna? La kuvunda halina ubani. Na hicho kidevu kisichoachama, nani alokifunga?"

"Ni mchezo, Mwanaesha," Mwanakuu akasema, anajifuta machozi.

"Najua ni mchezo. Hata mchezo una adabu zake." Akashona kidogo, kisha akaongeza. "Lakini yule mke wa mwana, yule alokuwa akimtengeza kola kila wakimkalisha upande, yule alimpenda. Mle ndani mna maiti wengi, na babu si mmoja wao."

Hayo nayo Abdulghafur aliyaandika, wateja wasiyaelewe, akayabandua.

Asidhani mtu kwamba Mwanaesha alikuwa mtu wa mzaha. Kazi aliirithi kwa shangazi yake, na shangazi alimfunza kwa maneno machache. Maiti huumia kama anavyoumia aliye hai, kwa hivyo mshike kama unayemwamsha mtoto. Ukiona jema, liseme. Ukiona baya, lifukie kabla yeye hajafukiwa. Mwanaesha aliyaona mengi chini ya ile nguo ya kusitiri: tumbo la msichana ambalo halikutakiwa lijulikane, uvimbe ambao mgonjwa alimficha mumewe, michoro ya hina ya mwezi uliopita kwenye miguu ya ajuza aliyesema ameacha dunia. Hakuna hata moja lililotoka kinywani mwake. Mji wa Kale umejaa watu wasioweza kufunga midomo juu ya mchuzi wa jirani, na huyu alibeba siri za nusu ya mji bila kuinama.

Siku moja Mahira akiwa bado skuli, kanda imo katika deki lakini hawajaiwasha, Mwanaesha akamuuliza mwenzake swali lililokuwa likimkaa rohoni.

"Nambia kweli, Mwanakuu. Wapendani katika haya?"

Mwanakuu alikuwa amenyoosha mguu juu ya mto. Sukari ilikuwa imeshaanza kumla kidole. Akatazama kioo cha televisheni kilichozimwa.

"Hofu hino ina swichi," akasema. "Nikichoka nayo naibonyeza, yazima. Nimekaa miaka kumi na minane na hofu isokuwa na swichi."

Mwanaesha hakuuliza zaidi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa yeye. Mzee Kamaludin alikuwa mtu wa sauti tamu, akiadhini watu husimama njiani kusikiliza, na watoto walimkimbilia kumbusu mkono. Picha yake ilikuwa ukutani sebuleni, na Mahira hakupita mbele yake bila kuifuta vumbi. Ni mzee huyo huyo aliyeuchora mgongo wa mkewe kwa ukanda, na mara mbili kwa pasi ya makaa. Aliyafanya usiku, watoto wamelala. Asubuhi yake Mwanakuu huvuka kichochoro, hufungua kanga, na Mwanaesha humpaka manjano na mafuta ya nazi bila kusema neno. Mzee alipokufa alisifiwa siku tatu mfululizo, na Mwanaesha alikuwa pale matangani akimimina kahawa na kuitikia amin.

"Ntakapokufa," Mwanakuu akaendelea, "unioshe wewe. Peke yako. Sitaki Mahira anione mgongo."

"Mahira ni bintiyo. Ana haki kunishinda mimi."

"Haki anayo. Na babake pia anaye. Namwachia babake."

Mwanaesha alimtazama sana. Moyo ulimuuma, maana hakuwahi kumpenda Mzee Kamaludin hata robo saa, na hapa aliyeumizwa ndiye aliyekuwa akimtunzia jina kwa bintiye.

"Ntakuosha," akasema. "Peke yangu."

Ahadi ni deni, na hii haikuwa na mtu mwingine wa kuilipa. Mahira akafika, wakawasha picha.

Mwaka uliofuata, wiki chache kabla ya Ramadhani, Mahira alileta kanda isiyokuwa na picha yoyote ya maana juu ya jalada. Ilikuwa picha ya kimyakimya, ya nchi ya baridi, ya mama mmoja mtu mzima anayeosha maiti katika chumba cha chini cha hospitali. Hapakuwa na damu, wala mlango unaolia wenyewe. Mama yule aliingia, akavaa aproni, akachota maji, akayajaribu joto kwa kifundo cha mkono, akaanza. Mwanaesha aliweka sindano chini.

Kila kitu kilikuwa sawa. Rangi ya kucha ilikuwa ndiyo. Mdomo ulivyoporomoka upande ndivyo. Mama yule alipokamua kitambaa aligeuka pembeni ili matone yasimwangukie maiti, na hilo hakuna anayelijua ila aliyefunzwa.

"Alotengeza picha hino," Mwanaesha akasema polepole, "ameosha mtu."

Basi pale pale, bila ngoma wala filimbi, maiti akageuza mkono na kumshika mwosha kifundo. Mahira akapiga ukelele. Mwanakuu akacheka kwa raha. Mwanaesha alibaki amekodoa macho, na alipoiokota sindano haikuingia kwenye kitambaa, iliingia kwenye kidole. Ilipokwisha, Mahira alingoja maoni ya kumpelekea Abdulghafur.

"Mwambie ni nzuri," Mwanaesha akasema, akajizoa akaenda zake.

Waongo wa zile kanda nyingine walikuwa wamejaribu kumtisha muda wote ule wasiweze, kwa sababu uongo wao aliuona tangu mlangoni. Huyu wa leo alimwambia kweli kumi, na ya kumi na moja ilipokuja, nayo ni uongo, ilipiga hodi kwa adabu ikakaribishwa ndani.

Siku nane baadaye aliitwa nyumba moja ya Kuze, kwa ajuza aliyefariki alfajiri. Alikwenda na msaidizi wake, Mbodze, mwanamke wa Kigiriama aliyesilimu alipoolewa, mwenye mikono ya nguvu na maneno ya kuhesabu. Wakatandika, wakafunga pazia, wakanuia. Ukafika wakati wa kumwinua maiti mabega kidogo na kumpitishia mkono tumboni, ili kilichobakia kitoke. Mwanaesha alipobonyeza, pumzi ikatoka kinywani mwa ajuza, ndefu, kama ya mtu aliyetua mzigo.

Sauti ile alikuwa ameisikia mara zisizo idadi. Alimfunza Mbodze mwenyewe kwamba si sauti bali ni hewa iliyobaki njiani. Lakini siku ile vinyweleo vilimsimama mwili wote, akaona ule mkono wa televisheni unageuka, na akaachia. Kichwa cha ajuza kikagonga ubao.

Mbodze aliwahi kushika mabega. Walitazamana. Nje ya pazia mke wa mwana wa marehemu akauliza, "Kuna nini huko?"

"Kata imeanguka," Mbodze akajibu, akaendelea kumimina maji kana kwamba ni kweli.

Mwanaesha aliinama sikioni mwa maiti, akamwomba radhi, akaomba tena, akamaliza kazi kwa mikono isiyokuwa yake. Akarudi nyumbani akakaa juu ya kitanda mpaka magharibi ikampita. Miaka yote ile aliwasitiri watu, na leo amesitiriwa yeye, tena kwa kosa la kumwangusha mtu asiyeweza kusema ah. Aliona haya mpaka akatamani kuhama mji.

Tangu siku hiyo aliyekuja kumwita aliambiwa Bi Mwanaesha ana mgongo, mwiteni Mbodze. Jumanne na Jumamosi aliendelea kwenda kwa Mwanakuu, ila sasa alikaa kaipa televisheni kisogo, macho kwenye kofia. Mahira akiomba maoni anaambiwa "sikuitazama vyema". Dukani vikaratasi vikaisha, Abdulghafur akawa anatazama dari kama zamani.

Mwanakuu hakusema kitu mpaka aliporudishwa kutoka hospitali, kidole kimeshakatwa na mguu unazidi kuwa mweusi. Waganga wa hospitali walisema wakate mpaka gotini, akakataa. Mwanaesha alikuwa akimpepea.

"Mgongo wako waumwa," Mwanakuu akasema, "mbona jana nalikuona wabeba ndoo mbili za mai?"

Mwanaesha alizidisha kupepea.

"Ni ile picha."

Kipepeo mkononi kikasimama. "Naogopa, Mwanakuu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitoa neno lile. "Naogopa maiti, kama mtoto mdogo. Nalimwangusha mtu. Nalimwangusha kitwa."

Alidhani mwenzake atacheka, maana mwenzake alicheka kwa kila kitu. Mwanakuu hakucheka. Aliuvuta ule mguu mbaya ndani ya shuka.

"Na mimi utaniogopa?"

"Hujafa."

"Ntakufa, na si mbali. Utaniogopa?"

"Mbodze ni mwema kunishinda," Mwanaesha akasema. "Kifua chake ni kipana. Hatasema."

"Najua hatasema. Lakini ataona." Mwanakuu alihema. "Wewe huna jipya la kuona. Sitaki mato mengine, Mwanaesha. Hata ya mtu mwema."

Alingoja ajibiwe, asijibiwe. Basi akageuza uso ukutani. Mwanaesha aliweka kipepeo juu ya shuka, akaondoka. Hakusema ndiyo wala hakusema la, na kwa jambo lile, kunyamaza ndiko kulikokuwa kubaya kuliko yote.

Siku kumi na moja zilizofuata alikwenda kila siku, akamlisha uji, akambadilisha nguo, akamsomea. Hawakulizungumza tena. Alijiambia kesho nitamwambia nitaweza, na kesho yake, kwa kuiona tu chupa ya karafuu maiti ya kuoshea kabatini mwake, alifunga kabati akaahirisha. Alfajiri ya siku ya kumi na mbili Mahira aligonga mlango, na hakukuwa na haja ya kuuliza.

Kufika saa tatu nyumba imejaa wanawake wa buibui. Wanaume walikuwa nje barazani wakipanga kaburi na jeneza. Mbodze alikuja na kila kitu: majani ya mkunazi, pamba, udi, sanda ya nguo tano. Akaviweka uani penye kitanda cha kuoshea, akafunga pazia, akasimama pembeni akimtazama Mwanaesha. Hakumhimiza. Mahira alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu.

"Naingia," Mahira akasema. "Ni mamangu."

Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele ya Mwanaesha. Angesema tu, ingia mwanangu, Mbodze atakuongoza, na hakuna ambaye angemlaumu. Watu wangesema maskini, mgongo, tena ni rafiki yake. Neno lilimfika ulimini. Alilimeza.

"Ntaingia peke yangu," akasema. "Mbodze atateka mai. Wewe utanipitishia nyuma ya pazia."

Mahira alimtazama kama hakumsikia. "Halati, wanizuilia mamangu?"

"Nakuzuilia."

"Kwa nini?"

"Ameniusia."

"Mimi hakuniusia." Mahira alinyoosha mikono mbele yake. "Nimemuuguza mimi. Nimemtoa usaha kwa mikono hini. Leo nisimguse?"

Wanawake waliokuwa karibu wakaanza kunong'ona. Mmoja alisema, si kwa sauti ndogo, kwamba waosha wengine wana tamaa ya thawabu hata kwa yatima. Mwanaesha alisikia. Alikuwa na jawabu ambalo lingewafunga vinywa wote, na lingeangusha ile picha ya sebuleni papo hapo. Akavua viatu, akapita nyuma ya pazia.

Mwanakuu alikuwa chini ya nguo nyeupe. Mwanaesha alinuia. Alijaribu maji kwa kifundo cha mkono. Jasho lilimtiririka ndani ya kanga ingawa asubuhi ilikuwa na upepo. Akaanza kama alivyofunzwa, mkono umevikwa kitambaa, nguo haifunuliwi bali mkono hupita chini yake. Akamtawadhisha. Akamwosha nywele, akazisuka mikia mitatu, na vidole vilijua kazi yao hata kama mwenyewe hayuko. Kila Mahira alipopitisha kata pembeni mwa pazia aliipitisha kwa kishindo, na maji yakamwagika.

Akamlaza ubavu, nguo ikateleza. Mgongo ulikuwa pale, na ile michoro ya ukanda iliyofifia, na ile mihuri miwili ya pasi chini ya bega. Aliipitishia maji ya mkunazi polepole, mmoja baada ya mwingine, kama siku zile za manjano na mafuta ya nazi. Tofauti ni kwamba siku zile Mwanakuu alikuwa akisema taratibu, Mwanaesha, hapo.

Ikabaki kumwinua, jambo ambalo hufanywa mwanzo naye alilikwepa mpaka mwisho. Alipitisha mkono wa kulia nyuma ya mabega, akamwegemeza kifuani mwake, na kwa mkono wa kushoto akabonyeza tumbo. Pumzi ikatoka. Ilimpita shavuni, baridi kidogo.

Hofu ikamjia yote, kama alivyojua itamjia. Ngozi ikasimama kutoka kisogoni mpaka nyayoni, na ule mkono wa kulia ukataka kuachia. Hakuuachia. Alimkumbatia Mwanakuu kwa nguvu, akafumba macho, akangoja kushikwa kifundo. Alikuwa tayari. Akangoja.

Hakushikwa. Akafumbua macho. Uso wa Mwanakuu ulikuwa begani mwake, na mkono wake umelala pale pale ulipolazwa. Mwanaesha akaukodolea mkono ule. Aliukodolea sana, mpaka akajua kwamba tangu kitambo haogopi tena. Alikuwa anauomba. Angetoa chochote alichonacho duniani, kidole kimoja tu kitikisike.

"Halati." Ilikuwa sauti ya Mahira, bado ina hasira na kilio ndani yake. "Nimesikia pumzi."

"Ni hewa, mwanangu. Hewa tu."

"Mbona umenyamaza?"

Mwanaesha alimweka Mwanakuu vyema begani.

"Nangoja," akasema. "Nimesema moyoni huenda akavuta nyengine."

Nyuma ya pazia Mahira aliishusha kata chini taratibu. Wakangoja wote wawili, mmoja huku na mmoja kule, muda ambao hakuna aliyeupima. Kisha Mwanaesha akamlaza mwenzake, akatoa mkono nje ya pazia, akaomba maji ya mwisho.